Mama aliniuliza zile dola 80 za RAM zilienda wapi

Mama wa kijana mmoja jirani, mimi namwita mudogo, alinikuta asubuhi sijafungua hata pazia. Niko na kasale kadogo ka gemu hapa Katuba, Lubumbashi, mashini nne tu, watoto wanalipa wanacheza nusu saa nusu saa, na pembeni natengeneza ordinateri za watu. Yule mama ni fundi wa kushona, mashini yake ya miguu iko kwenye baraza ya nyumba yao, avenye ya pili kutoka kwetu, yunifomu za watoto wengi wa mtaa anashona yeye. Alisimama mlangoni na ile mita ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakunitukana, hata sauti hakupandisha, alisema tu: "Papa, mutoto ananiambia mashini iko vile vile. Zile dola makumi munane zilienda wapi?"

Nilikosa jibu, juu mimi njo nilimwambia mudogo anunue.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi 2024. Mudogo alikuwa na mashini nzuri ya mtumba, prosesa Core i5-9400F, karti grafiki ya kuchora picha GTX 1650, RAM, ile memori ya kazi ya mashini, GB 16, yaani bareti mbili za 8. Bareti huku kwetu ni kile kipande kirefu chembamba cha RAM unachopachika kwenye karti meri, ule ubao mkuu wa mashini, wengine mnaita stiki. Sasa yeye na rafiki zake wa Kenya, Kenya komini yetu hapa Lubumbashi siyo nchi, walikuwa wanashindana alama za benchimaki, yaani programu ya kupima nguvu ya mashini, kila jioni wanatumiana picha za moja inaitwa Time Spy kwenye WhatsApp, na ya kwake ilikuwa imekwama kwenye 3,600 na kitu. Akaniuliza, "Yaya, nifanye nini ipande?" Nikamjibu bila hata kufungua mashini, weka RAM 32. Ndio jibu tunalolijua wote hapa, mashini ikichelewa RAM, gemu ikikwama RAM, ekran ikizima RAM, sawa na vile kila anayeumwa kichwa anapewa parasetamoli hata kama shida ni macho. Akamwomba mama yake, mama akatoa pesa ya yunifomu alizoshona mwezi mzima wa tisa wakati shule zinafunguliwa.

Tulipachika bareti mbili za 16, tukawasha, Windows ikaonyesha 32, mudogo akapiga picha. Tukapima, 3,600 na kitu. Tukapima tena, ikashuka alama kumi na mbili. Mudogo akaniangalia akingoja niseme neno, nikasema tuiache ipoe kwanza. Ikapoa, na alama ikabaki pale pale.

Kwa hiyo mama aliposimama pale mlangoni nilimwambia, mama nipe siku kidogo, ntakuletea jibu. Akasema "sawa papa" akaenda zake. Hiyo "sawa papa" ilinisumbua kuliko angenifokea, juu ni ya mtu ambaye ameshaamua kwamba pesa imepotea.

Nikachukua kaye ya karo, daftari la kawaida, nikaanza kupima. Na kitu cha kwanza nilichojifunza hata hakihusu RAM, ni kwamba nilikuwa sijui kupima. Mwezi wa kumi hapa jua linapiga sana kabla mvua haijaanza, sale yangu ni ya bati bila plafo, mashini ile ile gemu ile ile saa mbili asubuhi inatoa namba moja na saa nane mchana inatoa namba ingine kabisa, prosesa ikipata joto inajipunguzia mbio yenyewe. Nilikuwa napima kabla ya kubadilisha asubuhi, napima baada ya kubadilisha mchana, halafu nasema badiliko limeharibu. Tangu hapo nikaweka sheria: saa ile ile, mashini imewaka angalau dakika ishirini, pima mara nne, ya kwanza tupa, zingine tatu andika. Na tofauti ikiwa ndogo kuliko ile unayopata ukipima mara mbili bila kugusa kitu, basi hakuna tofauti, hata kama umelipia.

Halafu nikakaa nikaisoma ile alama yenyewe inatengenezwa vipi, kitu ambacho ningefanya kabla ya kufungua mdomo. Time Spy inakupa alama mbili ndani, moja ya karti grafiki na moja ya prosesa, halafu inazichanganya iwe moja, na kwenye huo mchanganyiko karti grafiki ina uzito wa 85 kwa mia, prosesa 15. RAM haina alama yake. Inaingia kwa mlango wa nyuma tu, kwenye ile 15 ya prosesa, na hata hapo inaingia kidogo. Na GTX 1650 ina memori yake yenyewe, GB 4 zimegandishwa juu ya karti, zinapitisha GB 128 kwa sekunde. Picha zinachorwa hapo ndani. Nilifungua kipimo cha karti wakati Time Spy inakimbia, kwenye sehemu za kupima picha karti ilikuwa 99 kwa mia na RAM iliyotumika ilikuwa haifiki hata 8. Tulimwongezea mudogo 16 juu ya 16 wakati 8 nzima ilikuwa imelala.

Nilipofika hapo nilifikiria ile baraza ya mama. Anashona kwa sindano moja. Ukimletea meza kubwa mara mbili, atashona nguo ngapi kwa siku? Zile zile, juu sindano ni ile ile. Meza ni RAM na sindano ni karti grafiki, mimi nilimuuzia mutoto wake meza.

Lakini meza ndogo pia ni shida, na hapa njo nataka watu wanielewe, juu baada ya ile aibu nilianza kwenda upande wa pili, nikawa naambia kila mtu RAM haina maana kwa gemu, na hiyo pia ni uongo. Meza ikiwa ndogo kitambaa kinaanguka chini, mama anainama kuokota, anashona kidogo, kingine kinaanguka, anainama tena. Kwenye mashini chini ni disiki. RAM ikijaa Windows inahamisha vitu kwenye disiki na disiki ile ya kuzunguka ni polepole sana ukilinganisha na RAM, kwa hiyo gemu inasimama kidogo, inarudi, inasimama tena. Nilijaribu kwenye mashini yangu ya 10400F yenye GTX 1660 Super, nikaweka bareti mbili za 4, gemu ya GTA V inacheza, Discord ya kuongea na wenzao imewaka, na navigateri imefunguliwa kama watoto wanavyoiachaga na video za YouTube. Halafu nikaweka mbili za 8, kila kingine kile kile.

Wastani wa fremu, yaani picha ngapi mashini inachora kwa sekunde, ulikuwa 74 kwa 8 na 76 kwa 16. Ukiandika hapo tu unasema hakuna kitu. Lakini kuna namba ingine wanaita 1% ya chini, wanachukua zile fremu zilizochelewa kuliko zote, moja katika kila mia, wanakuambia zilikuwa mbio kiasi gani, na hiyo ilitoka 19 ikafika 51. Hiyo 19 njo ule mkwamo mtoto anaupata gari likiingia katikati ya mji, anapiga ukuta, anapiga meza yangu ngumi anasema mashini yako mbaya yaya. Wastani unaficha kabisa. Na Time Spy kwenye 8 na 16 zilitoka sawa, juu benchimaki inajipakia vitu vyake vichache, inapiga dakika chache, haina Discord, haina navigateri. Benchimaki inapima mashini iliyofunga kila kitu, na mimi katika sale yangu sijawahi kuona mtoto amefunga kila kitu.

Sasa twende kwenye ile iliyonifurahisha zaidi.

Mashini mbili za sale ni Ryzen 5 5600G, hazina karti grafiki, picha zinachorwa na prosesa yenyewe. Nilizinunua zikiwa na bareti moja moja ya 8, DDR4-3200, DDR4 ni kizazi cha RAM na 3200 ni mwendo wake. Hapa hakuna memori ya pembeni, anayechora anatumia RAM ile ile ya prosesa. Ni mafundi wawili kwenye meza moja, na mtoto mmoja tu anayewapitishia vitambaa kwa mkono mmoja. Bareti moja ya 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, ni hesabu rahisi tu, mara 3,200 milioni kwa sekunde na kila mara inapita baiti 8. Kumbuka ile GTX 1650 iko na 128 peke yake. Huyu maskini ana 25.6 na anagawana na prosesa. Ukiweka bareti mbili, moja kila njia, inakuwa 51.2.

Sikuwa na pesa ya kununua ingine, kwa hiyo nilitoa bareti ya mashini ya tatu nikaipachika kwenye ya pili, ya tatu nikaifunika na kitambaa. Sloti zilikuwa nne, na nimeona watu wengi wanapachika bareti mbili zikiwa jirani, zinakaa njia moja na faida yote inapotea. Kwenye karti meri nyingi za sloti nne ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, imeandikwa A2 na B2, soma kwenye kartoni au kwenye karti yenyewe kwa maandishi yale madogo meupe. Nikafuta vumbi na brashi, nikasukuma pande zote mbili mpaka nikasikia tak, tak. Nikawasha.

Ilikuwa GTA V tena, setingi zile zile za asubuhi. Kutoka 38 ikafika 57. Nilidhani nimekosea kitu nikapima mpaka mara sita. Mtoto mmoja mteja wangu wa kila siku alikuja akakaa bila kuambiwa kitu, akacheza kidogo, akageuka: "Yaya, ulibadilisha ekran?" Nikamwambia apana, ekran ni ile. "Basi iko na nini, inateleza!" Na hapo Time Spy nayo ilipanda, ikapanda sana, juu sasa ile 85 kwa mia ya karti grafiki ilikuwa inakunywa kwenye RAM moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikuuliza je RAM inapandisha alama ya benchimaki, kwanza muulize picha zako zinachorwa wapi. Na kuna wanaouza mashini za aina hiyo na bareti moja ya 16 wakisema 16 ni 16. Siyo kweli, mbili za 8 siyo sawa na moja ya 16 kwa mashini isiyo na karti. Halafu kwenye hizo mashini angalia pia Windows inaonyesha ngapi zimewekwa pembeni kwa ajili ya picha, yangu ilikuwa inakata 2 kwenye 8, zinabaki 6, na 6 kwa Windows ya leo na gemu juu yake ni ile meza ndogo ya kuinama.

Mashini ya nne ilinipa kazi wiki mbili nzima, na nataka niieleze polepole juu nafikiri iko kwenye nyumba nyingi za huku kwetu bila watu kujua.

Ni Ryzen 5 3600 na ina bareti mbili za 8, 3200, CL16 (CL ni mizunguko bareti inayongoja kabla ya kujibu), karti nzuri, kila kitu sawa. Lakini kwenye kaye yangu namba zake zilikuwa zinaruka. Jumatatu Counter-Strike 2 setingi za chini inatoa 171, alhamisi inatoa 148, jumamosi 171. Hewa ile ile, saa ile ile. Nilibadilisha drayva, nikapaka pasta mpya kwenye prosesa, nikafikiri karti inakufa. Siku moja jioni ilikuwa kwenye ile mbaya, nikafungua navigateri nitafute msaada, kila ukurasa unakataa unasema cheti si sahihi. Nikaangalia saa pale chini pembeni. Ilikuwa inasema ni mwezi wa kwanza 2019.

Nikakumbuka, jana yake usiku tulikuwa na delestaji. Nikafungua kaye nikapiga mstari: kila namba mbaya ilikuwa imefuata usiku umeme ulikatika. Kila moja.

Iko hivi. Bareti za 3200 zikipachikwa haziendi 3200 zenyewe. Zinaanza na mwendo wa kawaida, kwa hizi ilikuwa 2133, na ile 3200 imeandikwa ndani ya kachipu kadogo juu ya bareti kama profaili, inaitwa XMP, karti meri zingine za AMD zinaiita DOCP, wewe mwenyewe lazima uingie kwenye BIOS, zile setingi za karti meri kabla Windows haijawaka, uiwashe. Mimi niliiwasha siku ya kwanza. Setingi hizo zinashikwa na kabetri kadogo ka duara, CR2032, wakati umeme wote umekatika. Kabetri kangu kalikuwa kamekufa. Nikakatoa, multimetri ikasoma 2.1 volti, wakati kapya kanaanzia 3. Umeme ukikatika usiku mashini inasahau kila kitu, saa inarudi nyuma na RAM inarudi 2133, na mimi kwa bahati siku zingine nilikuwa naingia BIOS kurekebisha saa narudisha setingi zote pamoja, siku zingine naacha hivyo hivyo.

Nilinunua kabetri pale sokoni kwa pesa ya mkate, hakuna kitu kingine nilichogusa, na 171 imebaki 171 mpaka leo. Ile 1% ya chini ilikuwa 62 kwa 2133, ikawa 79. Na sababu siyo tu kwamba inapitisha vingi. Bareti ya 2133 yenye CL15 inachukua nanosekunde 14 hivi kabla haijaanza kujibu, ya 3200 yenye CL16 inachukua 10. Hesabu yake ni CL mara 2,000 gawanya kwa mwendo, hata kwa kalkulatri ya simu unapata. Ndio maana namba ya CL peke yake inadanganya, 16 inaonekana mbaya kuliko 15 wakati kwa kweli inajibu mapema. Halafu kwenye Ryzen za kizazi kile ile njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa inatembea kwa mwendo wa RAM, RAM ikishuka na yenyewe inashuka, kwa hiyo unalipa mara mbili. Na gemu kama Counter-Strike setingi za chini karti grafiki inakaa inangoja prosesa, prosesa inangoja RAM, hapo njo mwendo wa RAM unaonekana. Nilipopandisha setingi zote juu kabisa, karti ikafika 99, tofauti ya 2133 na 3200 ikawa fremu mbili tatu tu.

Cinebench, benchimaki ya prosesa, kwenye ile mashini, 2133 au 3200, ilikuwa karibu haina tofauti, juu kazi yake inakaa sana kwenye kashi, memori ndogo ya ndani ya prosesa. 7-Zip, programu ya kubana mafaili, kwa upande mwingine ilipanda vizuri. Kwa hiyo ukiona mtu amekuonyesha Cinebench anakuambia RAM ni bure, na mwingine amekuonyesha 7-Zip anakuambia RAM ni kila kitu, wote wawili wamepima kweli.

Kuna jambo moja limebaki lazima niliseme juu linamhusu mtu. Kwenye ile 10400F niliwahi kununua bareti za 3200 kwa papa mmoja anayeuza vipande mjini, nikafika nyumbani CPU-Z, programu ya kuonyesha vipande vya mashini, inaonyesha 1333. Nilirudi kwake nimefura, mbele ya wateja wake, nikamwambia ameniuzia za uongo. Alizipokea akaziangalia akasema, "Mwanangu, karti meri yako ni gani?" Sikutaka hata kumjibu, nilidai pesa yangu akanirudishia nusu, tukaachana vibaya. Kumbe CPU-Z inaonyesha nusu ya namba, ukitaka ya kartoni unazidisha mara mbili, kwa hiyo 1333 ni 2666. Na kumbe karti meri yangu ni ya chipseti B460, hiyo na 10400F haipiti 2666 hata uweke bareti ya dhahabu, Intel walifungua hiyo kwenye B560 mwaka wa 2021. Bareti zake zilikuwa za kweli kabisa. Nilirudi kumwomba msamaha wiki ile ile ya kabetri, nikamrudishia ile nusu, akanikalisha kwenye kastuli kake akaniagizia Fanta. Alisema angekuwa ameniuliza karti meri kabla ya kuniuzia, siyo baada. Sasa anauliza kila mteja, nimemwona.

Na bei siku hizi si ya kuchezea. Tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda sana duniani kote juu ya makampuni yanayojenga mashini za akili bandia yanaivuta kwa wingi, na sisi huku tunalipa na barabara juu yake. Saa zingine nikiwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nangojea mzigo naona malori ya shaba yetu yamejipanga yanatoka, na ndani ya teksi yangu ya kurudi kuna kartoni ndogo ya bareti zenye nyuzi za shaba ndani, nalipa kila gramu. Ndio maana naumia mtu akinunua asichohitaji. Kwa wale wa DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, niongeze tu moja, bareti moja ya DDR5 ndani imegawanyika njia mbili nyembamba, programu inaweza kukuonyesha mbili mtu ukadhani umekamilika, hesabu bareti kwa macho.

Nilirudi kwa mama mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa anashona, nikakaa kwenye benchi nikamweleza kwa meza na sindano yake, alivyokuwa anasikiliza hakusimamisha mguu hata mara moja. Nilipofika kwenye kitambaa kinachoanguka akacheka kidogo, akasema hiyo anaijua. Nikamwambia zile bareti mbili za 16 zitanisaidia mimi, mashini yangu ya tatu bado imefunikwa na kitambaa na ni ya aina ile inayohitaji bareti mbili, mudogo arudishe zake za 8 hatapoteza kitu. Nikampa 50 siku hiyo na 30 wiki iliyofuata. Mudogo alikuwa amesimama mlangoni, naona anapiga hesabu ya karti grafiki mpya. Mama akazihesabu, akazifunga kwenye pembe ya kitenge. "Hii ni ya minervali ya dada yake," yaani ada ya shule.

Mudogo hakusema kitu. Tulienda naye chumbani, nikamrudishia bareti zake A2 na B2, nikaingia kwenye setingi za gemu nikashusha vivuli kutoka juu kabisa mpaka kawaida, na majani, na umbali wa kuona vitu. Ile 1% ya chini ilitoka 31 ikafika 44. Alizunguka mji mzima na gari bila kugonga. Halafu akapima Time Spy tena, ikatoa 3,600 na kitu, akaifunga akarudi kwenye gari.